Kulia Ni Wapi Kwenye Duara?

Simu iliita saa nne na nusu usiku. Mama hapigi saa hizo. Akishasali Isha huiweka simu juu ya kabati, na ukimtafuta utampata asubuhi, pamoja na salamu za mtaa mzima.

"Bomba limekatika, mwanangu. Maji yanamwagika."

Mimi nilikuwa Dar, yeye Tanga, peke yake nyumbani. Nyuma ya jiko letu kuna tangi la lita 2,000 juu ya kibaraza cha matofali, na chini yake, usawa wa goti, kuna koki yenye gurudumu jekundu. Bomba lililokatika ni lile linalotoka kwenye koki kwenda bafuni. Basi kazi ilikuwa moja tu, kufunga koki. Nikamshukuru Mungu kwamba jambo lenyewe ni dogo. Nikamwambia achukue tochi, achuchumae, alishike gurudumu.

"Zungusha kulia, mama."

Nilisikia pumzi zake, nikasikia chuma kikikwaruza.

"Nimezungusha."

"Yamepungua?"

"Yamezidi."

"Mama, kulia. Zungusha kulia!"

"Ndiko ninakozungusha."

Hapo nikapandisha sauti. Mama yangu ana miaka 71, alikuwa amechuchumaa gizani, kanga imelowa, maji yanampiga miguuni, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi mbali naye zaidi ya kilomita 300. Nikamwuliza kama anajua kulia ni wapi.

Alinyamaza. Kisha akasema taratibu, "Kulia nakujua."

Kijana wa jirani alisikia maji, akaruka ukuta, akaifunga koki kwa mizunguko mitano au sita. Tangi lilikuwa limebaki robo, na maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku tatu.

Asubuhi nikampigia kumwomba radhi. Akasema yamekwisha, akaniuliza habari za kazi, akaniambia bei ya samaki. Tulipokuwa tunaagana akaongeza jambo moja, bila hasira, kama mtu anayeweka kumbukumbu sawa.

"Lakini mimi nilizungusha kulia."

## Sahani

Sentensi hiyo ilinikaa kooni wiki nzima. Mama si mtu wa kubisha ili abishe. Akikosea husema amekosea.

Jumapili moja, nikiosha vyombo, nilishika sahani nikaisimamisha mbele yangu kama usukani. Nikashika ukingo wa juu, nikaupeleka kulia. Sahani ikazunguka upande wa kukaza. Nikashika ukingo wa chini, nikaupeleka kulia vilevile. Sahani ikazunguka upande wa kulegeza.

Nilirudia mara nyingi, povu linadondoka sakafuni.

Kisha nikakikumbuka kile kibaraza. Ukingo wake umeshuka hadi karibu na gurudumu, na mkono haupiti vizuri kwa juu. Kila anayeifunga koki ile huishika kwa chini. Mama alishika chini, akavuta kulia, kama nilivyomwambia. Koki ikafunguka hadi mwisho.

Alinitii sawasawa.

Kosa lilikuwa kwenye neno langu, na neno hilo nilikuwa nimelitumia maisha yangu yote bila kulikagua. Kulia ni kukaza, kushoto ni kulegeza: nilifundishwa hivyo nikiwa mdogo nikimshikia tochi fundi aliyekuja kutengeneza meza, na sikumbuki kumwuliza chochote. Lakini duara lina juu na chini, na juu likienda kulia, chini linakwenda kushoto, wakati huohuo, kwa mwendo uleule. Anayesema "kulia" anaongelea nusu ya gurudumu na kumwachia msikilizaji abahatishe ni nusu ipi.

Nadhani kilichonidanganya ni usukani. Tunaambiana "kata kulia" kila siku na hatupotezani. Ila konda anaposema hivyo hasemi habari za usukani, anasema habari za gari. Gari linakwenda kulia kweli, kuna barabara huko. Parafujo haiendi kulia wala kushoto. Inaingia au inatoka, basi.

Na neno lenyewe, ukilitazama kwa makini, limetoka mezani. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Ni neno la mwili. Vivyo hivyo "kuume", ambalo Biblia ya Kiswahili hulitumia: mkono wa kuume ni mkono wa kiume. Maneno haya yalizaliwa kumwelekeza mtu kwenye viungo vyake mwenyewe, na yanapotumiwa hivyo hayakosei. Anayekwenda kutufu haambiwi azunguke kulia au kushoto. Anaambiwa Kaaba iwe kushoto kwake, azunguke mara saba, na maelfu ya watu wa kila lugha wanazunguka upande mmoja bila kugongana. Hata kipilefti, jina tuliloligeuza kutoka kwa Waingereza, lilikuwa agizo kwa mwenye gari: kaa kushoto. Ukikaa kushoto duara linajizungukia lenyewe. Dereva wa lori akivuka Rusumo kuingia Rwanda, ambako watu huendesha kulia, kipilefti kinageuka na kuzunguka upande mwingine, na yeye anazunguka nacho kwa sababu anajua mwili wake unatakiwa ukae wapi.

Mimi nilimpa mama neno la mwili kwa kitu kisicho na mwili.

## Pangaboi

Tuseme basi kwa kufuata mishale ya saa. Ndivyo vitabu vinavyoandika: mwelekeo wa mishale ya saa, na kinyume chake. Wazee wa pwani mshale huo waliuita akrabu, nge, na mimi nalipenda neno hilo kwa sababu unamwona nge akitambaa kwenye uso wa saa, mkia juu, hana haraka.

Kwa siku chache niliamini nimepata dawa. Usiku mmoja nikalala chali natazama pangaboi la chumbani. Kutoka kitandani linazunguka kinyume cha saa. Nikajiuliza, aliyeko darini analionaje?

Analiona likifuata saa.

Feni ni lilelile, injini ni ileile, na wote wawili tunasema kweli. Saa tuliizoea kuitazama usoni tu, imetundikwa ukutani, hakuna anayekaa nyuma yake. Koki ya mama inatazama nje, parafujo ya chini ya meza inatazama sakafu, na mfuniko wa chini ya jiko la gesi huwa unaufungua kwa kupapasa huku shavu limegusa ukuta. Kabla ya kusema saa ni lazima kwanza useme umesimama wapi.

Halafu kuna jambo jingine, dogo lakini lilinisumbua. Nilimwuliza mpwa wangu wa miaka tisa mishale ya saa inazunguka upande gani. Alinitazama, akatoa simu ya mama yake, akaniwashia kioo. Saa yake ni namba. Nyumbani kwao hakuna saa ya ukutani.

## Kijiti uani

Sasa nikataka kujua mishale yenyewe iliamuliwa na nani izunguke hivyo.

Jibu liko kwenye kivuli. Kabla ya saa za mitambo watu walipima mchana kwa kivuli cha kijiti, na saa za mitambo zilipoanza kupata nyuso na mishale huko Ulaya, karne ya 14, mshale ulifuata njia ya kivuli waliyoizoea. Ulaya iko kaskazini sana, jua la adhuhuri huwa daima upande wa kusini, kwa hiyo kivuli asubuhi huelekea magharibi, adhuhuri kaskazini, jioni mashariki. Chora hilo chini na utaona akrabu akitambaa.

Nikasema, hapa je?

Ilikuwa mwisho wa Septemba. Nilisimamisha kijiti cha mita moja uani, nikakinyoosha kwa uzi uliofungwa jiwe, na Jumamosi ile sikutoka. Kila nusu saa nilitoka kuweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Asubuhi kilikuwa kirefu, kimelala upande wa magharibi. Kadiri jua lilivyopanda kikafupika, na ilipofika saa sita na robo kilikuwa kama urefu wa kiganja, kimeelekea kusini. Kisha kikaanza kurefuka kwenda mashariki.

Magharibi, kusini, mashariki. Kinyume cha saa.

Nilichuchumaa pale nikizitazama kokoto zangu na nywele zikanisisimka. Uani kwangu, siku ile, jua lilikuwa linazunguka kinyume na saa iliyo mkononi mwangu.

Niliacha kijiti palepale. Dar iko digrii karibu 7 tu kusini ya ikweta, na kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hutupita, likawa upande wa kusini kwetu. Nilijua hilo kwa hesabu. Kuliona ni habari nyingine. Mwishoni mwa Oktoba nikarudia: asubuhi magharibi, adhuhuri kivuli kifupi kimeelekea kaskazini, jioni mashariki. Kijiti kilekile, mkono uleule uliopanga kokoto, na sasa kinafuata saa.

Sisi huku kivuli chetu hugeuka mara mbili kwa mwaka. Kama saa ya mishale ingebuniwa Bagamoyo, sijui fundi wake angechagua miezi ipi.

Na bado saa yetu tumeiweka sawa kwa namna yetu. Mshale ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja, kwa sababu jua limeshachomoza na saa moja imepita, na karibu na ikweta jua halitofautiani sana kuchomoza mwaka mzima. Mama yangu hajawahi kusumbuliwa na uso ule wa saa. Anasoma namba moja na kutamka nyingine, tangu utotoni, bila kusita. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwuliza kama anajua kulia.

## Kwa mbele, kwa nyuma

Jibu nililolihitaji nililipata Tandika, chini ya mwarobaini, kwa mzee mmoja fundi baiskeli.

Nilikuwa napita tu. Kijana anayejifunza kazi alikuwa ameing'ang'ania pedeli ya kushoto, amesimama juu ya spana kwa uzito wake wote, na haikutikisika. Mzee hakunyanyua hata macho kutoka kwenye tairi aliyokuwa anaziba.

"Unakaza hiyo. Kufungua ni kwa nyuma."

Kijana akaigeuza spana. Ikatoa mlio mkavu, ikaachia.

Nikasimama. Kwa jinsi nilivyojua mimi, kijana alikuwa anaizungusha upande sahihi wa kulegeza, kinyume cha saa. Nikamsalimia mzee, shikamoo, marahaba, nikamwuliza kulikoni. Akanionyesha. Pedeli ya kulia hesi zake, ile mifereji inayozunguka kama ya parafujo, ni za kawaida. Ya kushoto hesi zake zimekatwa kinyume, na ukifuata ile kanuni ya utotoni utaikaza mpaka uvunje spana.

"Sasa kijana atakumbukaje ipi ni ipi?"

"Hana haja ya kukumbuka. Weka spana isimame juu. Kukaza, ipeleke mbele, kwenye usukani. Kufungua, irudishe nyuma, kwenye kiti. Pande zote mbili."

Nilizunguka baiskeli ile mara mbili. Nikashika upande wa kulia: juu ya spana kwenda mbele, kukaza. Nikahamia kushoto: juu ya spana kwenda mbele, kukaza. Ukitazama kwa saa, upande mmoja unafuata na mwingine unapinga. Ukitazama kwa baiskeli, zote mbili zinakwenda mbele.

"Spana ikizunguka haina kulia, bwana mdogo," akasema. "Baiskeli ndiyo ina mbele na nyuma."

Sababu ya hesi zile kukatwa hivyo nayo ni nzuri, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Mguu unapokanyaga, mhimili wa pedeli hukandamizwa upande mmoja wa tundu lake, na kwa kuwa mkono wa pedeli unazunguka, mkandamizo huo huzunguka ndani ya tundu mduara mzima. Hata pakiwa na nafasi nyembamba kuliko unywele, mhimili hujiviringisha humo kidogo kidogo. Ukitaka kuona, chukua pete pana kuliko kidole, izungushe kwenye kidole kilichotulia, na utaona pete yenyewe inageuka taratibu. Kwenye baiskeli kuviringika huko huusukuma mhimili kwenda mbele, kulia na kushoto sawia. Hesi za kushoto zingekuwa za kawaida, kila kilomita ya kunyonga ingeifungua pedeli. Zilivyokatwa kinyume, kila kilomita inaikaza. Ndiyo maana pedeli ya zamani huwa ngumu kung'oka kuliko kitu kingine chochote kwenye baiskeli.

Mzee akaniambia nikavuke barabara, kwa wachomeleaji, nikatazame mitungi yao. Nikaenda. Nati ya mtungi wa oksijeni inakazwa kwa kufuata saa. Ya asetilini inakazwa kinyume, na kona za nati yake zimetiwa mikato midogo ili hata kidole gizani kijue kimeshika ipi. Zimefanywa hivyo makusudi, ili mtu aliyechoka asije akaunga mpira wa gesi moja kwenye mtungi wa nyingine.

Nilipapasa mikato ile kwa kidole gumba. Mtu fulani, zamani, alimfikiria mchomeleaji aliyeko gizani. Hakumpigia kelele.

Na nilianza kusikiliza mafundi wanavyosema. Ni nadra wakatamka kulia au kushoto. Husema kaza, legeza, rudisha, ongeza robo. Wanataja kinachotakiwa kitokee na kuuachia mkono utafute njia. Wakilazimika kutaja upande, wanataja kitu kilichopo: kwa ukutani, kwa mlangoni, kwa kwako.

## Mkono wa mama

Nilimpigia nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza usiku ule.

"Mama, ulishika koki kwa mkono gani?"

"Kushoto. Wa kulia ulikuwa na tochi, na simu nimeibana kwenye mtandio."

Mama alizaliwa mashoto. Tumelijua hilo siku zote, kama hadithi ya nyumbani. Bibi alikuwa akimfunga kitambaa mkono wa kushoto wakati wa kula mpaka akazoea, na leo anakula kwa kulia, anasalimia kwa kulia, anaandika kwa kulia. Lakini akishtuka, akidaka kikombe kinachoanguka, akishika kisu kwa haraka, ni kushoto. Mkono ule ulifundishwa adabu, haukufundishwa kusahau.

Jaribu kitu hiki. Kunja kiwiko cha kulia, shika bisibisi, na kiganja cha kushoto kiweke juu ya ule msuli wa mbele ambao watoto hutunishiana. Zungusha kama unakaza, na msuli unainuka chini ya kiganja chako. Zungusha kama unalegeza, na unalala. Msuli huo ndio wenye nguvu ya kugeuza kiganja kitazame juu, na kwa mtu wa kulia kugeuza huko ni kukaza. Parafujo za dunia zimekaa upande wake. Kwa mashoto mambo yamepinduka: nguvu za mkono wake ziko kwenye kulegeza.

Kwa hiyo usiku ule mama alikuwa na neno langu linalomwambia kulia, mkono wa kushoto chini ya gurudumu, na msuli ambao tangu azaliwe una nguvu zaidi kuelekea huko kwenye kufungua. Vitu vitatu vilikubaliana. Vilikubaliana kufungua koki.

Nilimweleza yote hayo kwenye simu: sahani, kijiti, pedeli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu kama unavyofunga chupa ya chai."

Ile chupa ameifunga kila asubuhi kwa miaka 50 na kitu. Mkono wake unaijua usingizini.

## Mpapai

Mwezi Novemba nilikwenda Tanga. Nilitaka kubadilisha bomba la bafuni mwenyewe, na nilikuwa na mpango mwingine mfukoni: kopo dogo la rangi nyeupe na brashi, nichore mshale ukutani pembeni ya koki. Mshale uliopinda, wenye kichwa, ambao hata mgeni angeuelewa.

Mama aliitazama ile rangi. Akauliza itakaa muda gani kwa chumvi ya huku. Kisha akaniita tukachuchumae pamoja mbele ya koki.

"Tazama. Mkono unashika hapa chini, hapana pengine pa kushika. Huku kulia ni mlango wa jikoni. Huku kushoto mpapai. Kufunga, chini hapa peleka kwa mpapai. Kufungua, peleka kwa jikoni. Binti wa jirani nimeshamwambia, na yule mdogo wake anajua."

Nikajaribu. Chini kwa mpapai: koki inafunga. Chini kwa jikoni: inafungua. Hakuna juu wala saa, na ukiwa mashoto au si mashoto mpapai hauhami. Alikuwa ameshalimaliza jambo zima mwenyewe, katika wiki zile nilizokuwa napanga kokoto.

Kopo la rangi nikalirudisha ndani.

Usiku umeme ulikatika nikiwa bafuni, bomba jipya halijakazwa vizuri, na maji yakaanza kutoka kwenye maungio. Nikatoka uani nikipapasa ukuta. Tochi sikuwa nayo, simu ilikuwa chaji. Nikachuchumaa, nikalitafuta gurudumu, nikalishika kwa chini, na kwa sekunde moja sikujua lolote. Kichwani nilikuwa na saa, na pangaboi, na kivuli kinachogeuka Oktoba.

"Kwa mpapai, mwanangu," mama akasema kutoka dirishani.

Upepo ulikuwa unatoka baharini na majani ya mpapai yalikuwa yanachakarika kushoto kwangu. Nikavuta kuelekea sauti ile, nikarudisha kiganja, nikavuta tena, mpaka gurudumu likakataa. Tone moja likaanguka, la pili, halafu nikasikia vyura.